Njia ya Victoria na miaka 60 ya London kukaa bila kuchimba

Swali: Shikamoo mhandisi. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea shangazi yangu anayekaa Walthamstow, London, na kila siku tulikuwa tukipanda treni ya njia ya Victoria kuingia mjini. Shangazi akaniambia treni hiyo inajiendesha yenyewe tangu ilipoanza mwaka 1968, na kwamba ndiyo ya kwanza duniani. Lakini shuleni tulisoma kuwa London ina treni za chini ya ardhi tangu 1863. Iweje basi njia hii ianze zaidi ya miaka 100 baadaye? Na kama inajiendesha, yule mtu aliyekaa mbele anafanya kazi gani? (Msomaji wa Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili na nitayajibu yote, ila nikutangulizie kwamba mzizi wake ni mmoja: pesa. Pesa ndiyo iliyoifanya London ikae miaka 60 bila njia mpya ya chini katikati ya mji, na pesa ndiyo sababu kubwa ya yule mtu wa mbele kuachiwa vitufe viwili vya kubonyeza. Mimi ni mtu wa reli, na katika njia zote za mijini ninazozijua hii ndiyo ninayopenda zaidi kuisimulia, kwa sababu unawaona wahandisi wamebanwa kila upande na unaona namna walivyopenya.

Tuanze na 1863 yako. Walimu wako walikufundisha sawa. Tarehe 10 Januari mwaka huo ndipo reli ya Metropolitan ilipofunguliwa kati ya Paddington na Farringdon. Ila ile haikuwa chini ya ardhi kwa namna uliyoiona wewe Walthamstow. Walifukua barabara kama mtu anayelaza bomba la maji, wakatandika reli ndani ya mtaro, wakajenga kuta na kuba la matofali, kisha wakairudisha barabara juu yake. Treni zilivutwa na vichwa vya mvuke, na abiria walivuta moshi njia nzima. Mji mkubwa hauwezi kufukuliwa hivyo kila mara. Biashara zinafungwa, nyumba zinavunjwa, na fidia peke yake inatosha kuua mradi.

Dawa ilipatikana 1890, na ilitoka kwenye udongo wenyewe. Chini ya sehemu kubwa ya London, hasa kaskazini mwa mto Thames, kuna tabaka nene la udongo wa mfinyanzi. Ni mgumu kiasi cha kusimama kwa muda bila kuporomoka, ni laini kiasi cha kukatika kwa zana za mkono, na haupitishi maji kirahisi. Mchimba handaki hana cha kuomba zaidi ya hapo. Ukishuka kina cha kutosha unapita chini ya misingi ya majumba, chini ya mabomba na mitaro, na mwenye duka juu haoni chochote. Lakini huko chini moshi wa mvuke ungewaua watu, kwa hiyo ilibidi kusubiri umeme. Mwaka huo wa 1890 treni za umeme zikaanza kutembea ndani ya mahandaki mawili membamba ya mviringo kutoka Stockwell, kusini mwa mto, hadi katikati ya mji wa kibiashara. Liweke jina la Stockwell akilini, nitalirudia.

Baada ya hapo London ikachimba kwa pupa. Njia ya Central ilifunguliwa 1900. Halafu akaja Mmarekani mmoja, Charles Tyson Yerkes, aliyekuwa amejitajirisha kwa biashara ya tramu Chicago, akakusanya mitaji ya wawekezaji, na kampuni yake ikafungua njia tatu kati ya 1906 na 1907. Yerkes mwenyewe alifariki 1905, hakuiona hata moja ikifunguliwa. Wenye hisa walikuwa wameahidiwa faida nono. Mabasi ya injini na tramu yakawanyang'anya abiria, kampuni ikanusurika kufilisika, na wenye mitaji wakajua kitu ambacho miji mingi imekuja kukijua baadaye: nauli ya abiria hailipi gharama ya kuchimba handaki. Inaweza kulipa mishahara na umeme. Handaki lenyewe, hapana.

Hapo ndipo pengo lako linapoanzia. Kuanzia 1907 hakuna aliyethubutu kuikata katikati ya London kwa njia mpya. Miaka ya 1930 njia za zamani zilirefushwa kwenda pembezoni, mara nyingi juu ya ardhi ambako ni rahisi, tena kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali. Kisha ikaja vita, watu wakalala kwenye majukwaa ya stesheni kukimbia mabomu. Vita vilipokwisha, wapangaji wa mji walichora njia kadhaa mpya kwenye ramani, na mojawapo, ambayo katika ripoti ya 1949 iliitwa Njia C, ilitoka kaskazini-mashariki, ikapita Finsbury Park, King's Cross na Oxford Circus, ikashuka hadi Victoria na kuendelea kusini. Huo ndio ujauzito wa njia ya shangazi yako. Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu kuijenga mwaka 1955. Sheria ikawepo, fedha hazikuwepo.

(Jina nalo lilikuwa na safari yake. Walifikiria kuiita Viking, kwa kuunganisha Victoria na King's Cross, na pia Walvic, kwa Walthamstow na Victoria. Mimi nashukuru yalikataliwa.)

Sasa nisikilize vizuri kwenye suala la hesabu, maana ndiko moyo wa jibu langu uliko. Kila mara London Transport, shirika la umma lililoendesha treni na mabasi ya mji, lilipopeleka hesabu serikalini, jibu lilikuwa lilelile: njia hii itakula hasara kila mwaka. Na kwa hesabu ya dukani ilikuwa kweli. Abiria wengi wa njia mpya wangetoka wapi? Wangetoka njia ya Piccadilly, njia ya Northern na mabasi, vyote vya shirika lilelile. Nauli waliyokuwa wakilipa upande mmoja wangeilipa upande mwingine. Ni kuitoa shilingi mfuko wa kulia na kuitia wa kushoto, kisha kumwambia Waziri wa Fedha akulipie suruali.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa inamsahau mtu fulani. Wewe ni wa Mombasa, unaijua foleni ya Likoni. Ikiongezwa feri moja, anayefaidika si aliyepanda feri mpya tu. Aliyepanda ile ya zamani naye anapata pa kusimama, na mwenye gari anavuka mapema. Hao hawakulipa chochote cha ziada, na hakuna kitabu cha mapato kitakachowaandika. London ilikuwa hivyohivyo. Magari yalikuwa yameongezeka sana miaka ya 1950, mabasi yanatambaa, na kila abiria ambaye angeshuka chini kupanda treni angemwachia mwenzake nafasi barabarani, hata kama mwenzake huyo maisha yake yote hatatia mguu kwenye stesheni.

Wachumi wawili, Christopher Foster na Michael Beesley, walikaa wakayapigia hesabu hayo yote: muda wa dereva wa lori, muda wa abiria wa basi, nafuu ya mtu anayepata kiti badala ya kubanwa mlangoni. Walionyesha kwamba ukihesabu hivyo, njia iliyoonekana ya hasara ina faida nzuri kwa mji, na kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo inawaangukia watu wasioipanda kabisa. Kazi yao imekuwa mfano wa kufundishia. Leo mtu akipima mradi wa barabara au reli kwa kuhesabu dakika zitakazookolewa, anafuata njia waliyoipasua wao.

Nirekebishe jambo moja hapa kwa sababu linasimuliwa vibaya mara nyingi. Watu husema uchambuzi huo ndio ulioifanya serikali ikubali. Tarehe zinakataa. Serikali iliruhusu ujenzi Agosti 1962, na uchambuzi ulichapishwa 1963. Hoja ya kuwahesabu wasiopanda ilikuwa tayari inazunguka ofisini na kwenye mijadala, hilo ni kweli. Lakini foleni za barabarani zilikuwa zimeshawashawishi wanasiasa kabla ya jedwali lolote kupigwa chapa.

Kibali kilitoka na masharti yake: jengeni, lakini msitumie sana. Ukilishika hilo utaielewa kila stesheni ya njia ile.

Hata kabla ya kibali walikuwa wameanza kutafuta namna ya kupunguza gharama. Mwaka 1960 na 1961 walichimba mahandaki ya majaribio kati ya Finsbury Park na Tottenham. Desturi ya zamani ilikuwa kuzungushia handaki vipande vya chuma cha kusubu vilivyofungwa kwa nati, kimoja kwa kingine, kazi ya jasho na ya gharama. Sasa walijaribu vipande vya zege visivyofungwa kwa nati kabisa. Unavipanga kwenye duara, kisha unalitanua duara zima mpaka linabana kwenye udongo, na udongo wenyewe unalishikilia. Mashine za kuchimba nazo ziliboreshwa: ngoma kubwa ya chuma yenye meno inazunguka mbele na kuutafuna udongo. Majaribio yalifaulu, na mahandaki yale ya majaribio yakawa sehemu ya njia yenyewe. Kwa hiyo ukipita kati ya Seven Sisters na Finsbury Park, unapita ndani ya kilichoanza kama jaribio.

Udongo haukuwa rafiki kila mahali. Palipokuwa na mchanga na kokoto zenye maji, ilibidi wagandishe ardhi kwanza ndipo wachimbe, kama ilivyofanyika Tottenham Hale. Ardhi ikishakuwa ngumu kama barafu unaikata, unajenga ukuta haraka, kisha unaiacha iyeyuke.

Lakini pahali penye hadithi ni Oxford Circus. Ile ni njia panda yenye maduka mengi kuliko karibu sehemu yoyote ya London, na chini yake tayari kulikuwa na njia mbili za treni. Walihitaji ukumbi mpya mkubwa wa tiketi chini ya makutano ya barabara, na mfanyabiashara gani wa pale angekubali barabara ifungwe miaka mitano? Basi wakafanya hivi. Wikendi ya sikukuu ya Agosti 1963, mji ukiwa umepumzika, walishuka na shehena yao ya vyuma, wakajenga daraja la chuma lililofunika makutano yote, juu ya usawa wa barabara kwa takriban mita moja. Watu waliporudi kazini baada ya sikukuu, mabasi na teksi yakapanda kimlima kidogo, yakavuka, yakashuka upande wa pili. Chini ya daraja hilo wachimbaji walifukua kwa nafasi, mchana na usiku. Waliliita mwavuli. Ulikaa pale mpaka Pasaka ya 1968, magari yakipita juu ya kazi miaka minne na ushei.

Jirani na hapo kulikuwa na duka kubwa la Peter Robinson, na handaki moja la jukwaa lilipaswa kupita karibu kabisa na chini ya vyumba vyake vya chini. Hawakulivunja duka. Walimwaga bamba nene la zege chini ya misingi yake ili mzigo wa jengo usilielemee handaki, na duka likaendelea kuuza nguo. Mimi nikifikiria wateja wakijaribu viatu huku wanaume wenye sepetu wako mita chache chini ya nyayo zao, nawavulia kofia wale wajenzi.

Kuna kitu kingine ambacho lazima ulikitumia bila kukijua. Finsbury Park, ukishuka treni ya Victoria iendayo mjini, unavuka jukwaa kwa hatua chache na kupanda ya Piccadilly iendayo mjini pia. Hupandi ngazi, huzunguki kona. Hilo halikutokea kwa bahati. Pale palikuwa na reli nyingine ya zamani iliyokatwa mwaka 1964 ili majukwaa yake yatwaliwe, mojawapo ya njia za Piccadilly ikahamishwa, na njia zote nne zikasukwa upya mpaka kila upande ukakaa na mwenzake. Walifanya hivyo pia Highbury & Islington, Euston, Oxford Circus na Stockwell. Njia nzima ina stesheni 16, na ni Pimlico peke yake ambayo haiungani na treni nyingine. Ndiyo maana mimi huwaambia vijana wasiitazame Victoria kama njia, waitazame kama sindano. Inapita ikishona njia zilizokuwepo, na faida yake kubwa iko kwenye zile nyingine.

Sasa nije kwa yule mtu wa mbele.

Treni za London zilikuwa na wafanyakazi wawili, dereva mbele na kondakta nyuma anayefungua na kufunga milango. Miaka ya 1950 na 1960 London Transport ilikuwa na shida kubwa ya watu, kiasi kwamba tangu 1956 ilikuwa ikiajiri moja kwa moja kutoka Barbados. Njia mpya yenye mtu mmoja kwa kila treni ilikuwa nafuu inayoonekana. Lakini mtu mmoja hawezi kuangalia ishara, kuendesha, kufunga milango na kutazama jukwaa vyote kwa pamoja. Basi kuendesha kukaondolewa mikononi mwake.

Walijaribu kwanza kwenye njia ya District mwaka 1963, kisha kuanzia tarehe 5 Aprili 1964 wakaendesha treni za kujiendesha kati ya Woodford na Hainault, zikiwa na abiria wa kawaida. Namna ilivyofanya kazi ni nzuri kwa urahisi wake. Reli zenyewe zilibeba mapigo ya umeme. Treni ikisikia mapigo 420 kwa dakika, inajua njia mbele ni nyeupe, iende mwendo wake wote. Ikisikia 270 au 180, inajua ipunguze. Isiposikia chochote, breki za dharura zinashika zenyewe. Liangalie hilo la mwisho. Waya ukikatika, mashine ikifa, umeme ukipotea, matokeo ni ukimya, na ukimya maana yake ni kusimama. Usalama haukutegemea kitu kufanya kazi, ulitegemea kitu kushindwa kwa upande ulio salama.

Hayo yalikuwa ya kuzuia ajali. Kwa kusimama sawasawa stesheni kulikuwa na amri nyingine, kwenye vipande vifupi vya reli vilivyopangwa kabla ya jukwaa. Kila kipande kilitoa mtetemo wa umeme uliomwambia treni sasa unatakiwa uwe na mwendo gani: mitetemo 3,500 kwa sekunde ilimaanisha maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56, na kuendelea kushuka hivyohivyo, mitetemo 100 kwa kila maili moja. Treni inapita juu ya kipande, inalinganisha mwendo wake na ilichoambiwa, inakaza au inalegeza breki, inafika kipande kinachofuata. Mpaka milango inasimama mbele ya watu.

Na dereva? Alifungua milango, akatazama watu wakipanda na kushuka, akafunga, akahakikisha hakuna mkoba wala mkono uliobanwa, kisha akabonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja. Viwili kwa makusudi, ili asije akavigusa kwa kiwiko treni ikaondoka. Kuanzia hapo mashine ilichukua kazi. Leo treni ni nyingine na mitambo ni mingine, lakini bado huyo mtu yuko, na bado milango ni jukumu lake. Kuna sababu zaidi ya milango. Handaki lina upana usiofika mita 4, na treni inalijaza karibu lote. Pembeni hakuna njia ya kutembea. Treni ikikwama na watu wakalazimika kushuka, wanatokea mwisho wa treni na kutembea katikati ya reli, gizani, mamia yao. Hapo hutaki mashine. Unataka mtu mwenye sauti.

Shangazi yako alisema ya kwanza duniani. Niseme hivi: ilikuwa njia kamili ya kwanza ya abiria kujengwa tangu mwanzo kwa ajili ya treni za kujiendesha. New York walikuwa wamejaribu treni ya aina hiyo kwenye kipande kifupi kati ya Times Square na Grand Central mwaka 1962, na London kwenyewe kulikuwa na kireli cha posta kilichobeba barua chini ya ardhi bila dereva tangu 1927. Lakini barua hazilalamiki.

Hata ratiba ilikuwa na mashine yake. Mhandisi mkuu wa ishara, Robert Dell, alibuni mashine zilizosoma ukanda wa plastiki uliotobolewa matundu. Kila tundu lilikuwa neno la ratiba: treni fulani, saa fulani, ielekee huku. Ukanda ulisogea hatua kwa hatua, na njia panda za reli zikajigeuza bila mtu kuvuta mkono. Hii ilikuwa kabla ya kompyuta kuingia kazini reli, na wasimamizi wachache tu waliketi karibu na Euston, Cobourg Street, wakitazama taa kwenye ubao.

Kipande cha kwanza, Walthamstow Central hadi Highbury & Islington, kilianza tarehe 1 Septemba 1968. Desemba treni zikafika Warren Street. Tarehe 7 Machi 1969 Malkia Elizabeth wa Pili akafungua sehemu ya kufika Victoria, na akasafiri ndani ya chumba cha dereva kutoka Green Park hadi Oxford Circus. Brixton ilifikiwa Julai 1971, kwa kuvuka chini ya mto Thames na kupita Stockwell, palepale ambapo treni za umeme za chini zilianzia 1890. Pimlico ilikuja mwisho, Septemba 1972. Jumla kilomita 21 hivi, zote ndani ya mahandaki. Mahali pekee treni zinapoona jua ni karakana ya Northumberland Park, ambako abiria hafiki.

Ubanifu ule haukupita bure. Mwanzoni njia ilikusudiwa ivuke Walthamstow na kufika Wood Street. Ikakatwa ili kupunguza gharama. Kumbi za tiketi zilijengwa ndogo, ngazi za umeme zikawa chache, na kuta zikavikwa kijivu kilichowachosha watu tangu siku ya kwanza. Stesheni ya Victoria ilifika mahali pa kufungiwa milango asubuhi mara kwa mara ili watu wasianguke relini kwa msongamano, na upanuzi wake umemalizika 2018. Mahali pekee walipojiruhusu rangi ni kwenye vigae vya nyuma ya viti vya jukwaani. Wasanii walipewa kila stesheni wachore jambo moja: Stockwell ni ndege aina ya bata-maji wa Abram Games, Seven Sisters ni miti saba ya Hans Unger, Finsbury Park, Tom Eckersley aliweka bastola mbili za watu wanaoshindana kwa risasi, Walthamstow ni pambo lililotokana na kazi za William Morris, mzaliwa wa hapo. Ni vigae vichache tu, lakini naviona ni vya thamani kuliko marumaru, kwa sababu vilitoka kwenye bajeti iliyokuwa imekamuliwa hadi tone la mwisho.

Deni kubwa zaidi ni joto. Treni ikifunga breki, nguvu ya mwendo inageuka kuwa joto, na handaki lisilotokea juu halina pa kulitoa. Wajenzi walilipunguza kwa hila moja nzuri: stesheni nyingi ziliwekwa juu ya vilima vidogo ndani ya handaki, treni inapanda inapofika na kushuka inapoondoka, kwa hiyo mlima unaisaidia kusimama na mteremko unaisaidia kuondoka. Lakini haikutosha kwa zaidi ya safari milioni 200 kwa mwaka. Ule udongo wa mfinyanzi niliousifu kule juu una tabia moja mbaya: unameza joto polepole na unalirudisha polepole. Miaka 50 na zaidi ya breki imo ndani yake. Nadhani uliihisi ile hewa uliposimama jukwaani.

Tangu 2009 treni zote zilibadilishwa, 47 mpya, na ya mwisho ya zamani ilistaafu Juni 2011. Njiani kulikuwa na mikasa. Januari 2014, wakati wa kazi za upanuzi pale Victoria, zege mbichi ilivuja ikaingia kwenye chumba cha mitambo ya ishara na kuifunika. Treni zikasimama kati ya Warren Street na Brixton, na mafundi wakakimbilia mifuko ya sukari, kwa sababu sukari huzuia saruji isishike. Walikoroga, wakazoa, na kesho yake asubuhi njia ikafunguliwa.

Tangu 2017 treni 36 hupita kila saa wakati wa msongamano, moja kila sekunde 100. Kikwazo cha kufikia hapo hakikuwa katikati ya mji. Kilikuwa kwa shangazi yako. Walthamstow Central ndiyo mwisho, na kila treni inayofika lazima ivuke kwenda reli ya kurudia, lakini mavuko yale ya 1968 yalijengwa kwa mwendo mdogo, kwa hiyo treni zilitambaa na foleni ikajipanga nyuma yao hadi mbali. Agosti 2015 mwisho huo wa njia ulifungwa wiki tatu, wakavunja zege ya zamani na kutandika mavuko mapya. Muulize shangazi, kama alikuwa anakaa hapo wakati huo, atakuambia wiki hizo tatu alifikaje kazini.